Mikumi ya Juni si Mikumi ya Oktoba

Ndugu Mhariri,

Masika yakishakatika, kurasa za utalii wa ndani katika magazeti yetu, lako likiwemo, hurudia picha ileile: tembo na nyati wamebanana kwenye dimbwi la mwisho, vumbi limetanda, ardhi haina hata unyasi. Chini yake huandikwa kwamba kiangazi kimeanza na wanyama wote wako majini, kazi kwako. Picha ya namna hiyo hupigwa Septemba au Oktoba. Msomaji anayeiamini akaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi mwanzoni mwa Juni hukuta nyasi zimefika usawa wa kioo cha gari na maji yametuama kila bonde. Baada ya kuzunguka kwa saa tatu anatoka langoni akinung'unika kwamba amelipia kuangalia majani. Wanyama walikuwepo, tena wengi, ila aliwatafuta kwa kanuni za mwezi mwingine.

Sisi tunaoandika ni madereva na waongoza watalii wa Morogoro. Likizo ya shule na Sabasaba ndiyo hiyo inakuja, magari ya vikundi vya kanisa, vikoba na maofisi yameshaanza kukodiwa, na tungependa wanaokuja wajue wanakuja kukuta nini.

Mikumi ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1964 na leo ina kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Iringa imeikata kwa kilomita 50 hivi. Kaskazini mwa barabara ni uwanda wa mafuriko wa Mto Mkata, na huko ndiko wageni wengi huzunguka. Kusini ni vilima na misitu ya miombo inayoelekea Hifadhi ya Nyerere. Mvua ikikatika mwishoni mwa Mei, uwanda ule haukauki kwa wiki moja. Vidimbwi vya msimu hubaki na maji hadi Julai, na mwaka wa mvua nyingi huvuka hapo. Nyati na pundamilia, ambao hawawezi kuishi mbali na maji, wanayapata palepale walipo. Twiga na pofu hupata maji mengi ndani ya majani wanayokula. Tembo mkubwa hunywa zaidi ya lita 100 kwa siku, lakini naye ana haja gani ya kutembea hadi Bwawa la Viboko wakati kila korongo lina chake? Ndiyo maana ushauri wa kukaa bwawani na kusubiri, ambao ni mzuri sana mwezi wa kumi, mwezi wa sita hukuachia viboko, mamba na ndege tu. Si haba, lakini si kile ulichoahidiwa gazetini.

Mwanzo wa kiangazi usifuate maji, fuata nyasi fupi. Swala pala, nyumbu na pundamilia hawapendi kulala wala kula mahali ambapo simba anaweza kuwafikia bila kuonekana. Simba akilala kwenye nyasi za mita moja, hutamwona hata ukiwa hatua kumi, na swala hamwoni pia. Kwa hiyo wanyama wa makundi hukusanyika palipo wazi: kandokando ya kiwanja cha ndege cha Kikoboga, karibu na lango kuu, kwenye maeneo ambayo makundi yameshayala yakabaki mafupi, na zaidi ya yote, palipochomwa moto.

Hapo kwenye moto tunaomba tusikike, maana kila Juni tunaulizwa na wageni waliokasirika kwa nini hifadhi inaungua na hakuna anayezima. Moshi mwingi unaouona Juni umewashwa na wahifadhi wenyewe, kwa mpango. Nyasi zikiwa nusu mbichi, moto huenda chinichini, unaruka sehemu zenye unyevu, na usiku umande huuzima. Unabaki uwanda wenye mabaka, hapa peusi, hapa pa kijani, na miti haijadhurika. Usipochoma mapema, nyasi zote hukauka kwa pamoja, na kipisi kimoja cha sigara kilichotupwa na abiria wa basi mwezi wa tisa huwasha moto unaopanda hadi kwenye matawi, unaua miche ya miombo na haukamatiki tena. Ndiyo maana pia kingo za barabara kuu huchomwa mapema.

Kwa mgeni, baka lililoungua ndiyo zawadi ya msimu. Siku ya kwanza yenyewe huja kunguru, mwewe na korongo kuokota panzi wanaokimbia moto. Wiki moja hadi mbili baadaye, bila tone la mvua, mizizi iliyo na unyevu chini huchipua majani laini, na hapo utakuta nyumbu, pundamilia, swala pala na ngiri wameinama kama mbuzi kwenye shamba la mahindi ya jirani. Rangi nyeusi ya chini nayo husaidia: mnyama wa kahawia aliyekuwa haonekani kwenye nyasi za kahawia sasa anaonekana kutoka mbali hata bila darubini. Langoni, swali la kwanza liwe hili: pamechomwa wapi, na lini? Palipochomwa jana bado ni majivu matupu. Pa wiki mbili zilizopita ndipo pa kwenda.

Simba wanataka mbinu nyingine. Alfajiri ya Juni nyasi zimelowa umande hadi zinachuruza, na simba, kama paka wengi, hapendi kulowa. Hutembea barabarani, na mara nyingi hulala barabarani au juu ya kichuguu hadi jua lipashe. Ukiwa wa kwanza kupita barabara ya ndani asubuhi, nyayo utazisoma kwenye udongo kabla ya magurudumu kuzifuta. Wayo uliokanyaga juu ya alama ya tairi ya jana ni wa usiku huu. Wayo mkubwa usio na alama za kucha ni wa simba, maana kucha zake huzificha ndani; wenye vidoti vya kucha mbele ni wa fisi. Mwelekeo wa nyayo ukiuona, nenda pole pole, na tazama sana miti: asubuhi hewa ikiwa baridi tai hawajaweza kupaa, hivyo tai watano waliokaa kimya juu ya mti mmoja mara nyingi wanasubiri mzoga ulio chini yao. Ukiona twiga watatu wamesimama bila kula, wote wanatazama upande mmoja, zima injini utazame wanapotazama.

Yote hayo yanadai uwe ndani alfajiri, na hapo ndipo safari za siku moja kutoka Dar es Salaam zinapoharibika. Ni kilomita 280 na kitu. Anayetoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri, akakutana na malori, akasimama Morogoro kula chapati, atafika langoni saa tano au saa sita. Mwezi huo jua huchomoza saa kumi na mbili na nusu au baada yake kidogo. Wakati gari la Dar linaingia, simba yuko kivulini katikati ya nyasi ndefu, tembo wamerudi miombo, na mtetemo wa joto juu ya uwanda unaharibu picha za simu. Lala Morogoro, Doma au Mikumi mjini, uwe langoni linapofunguliwa. Treni ya SGR imerahisisha jambo hili: panda ya jioni Dar hadi Morogoro, lala, kisha kodi gari la huko lenye dereva anayezijua barabara za ndani. Jioni, kuanzia saa kumi, ni zamu ya pili nzuri, ila uliza langoni muda wa mwisho wa kutoka, na ujue foleni ya kutoka huwa ipo.

Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Unalipa kwa kadi au kwa simu kwa kumbukumbu namba, na mtandao ukisumbua siku ya Sabasaba, mstari wa magari hugeuka soko. Kamilisha mapema unavyoweza. Kila mtu mzima awe na kitambulisho, kwa sababu viwango vya Watanzania na wananchi wa Afrika Mashariki ni tofauti kabisa na vya wageni, na askari wa langoni hawezi kukisia uraia kwa sura. Kabla ya kutoka kwenda kula nje, uliza kama kiingilio chako kinakuruhusu kurudi.

Sasa gari. Mwanzo wa kiangazi, urefu wa macho yako una thamani kuliko nguvu ya injini. Aliyekaa kwenye gari dogo huona mashina ya nyasi, wakati aliyekaa kwenye Coaster au gari la kufunguka juu huona migongo ya wanyama. Kikundi chenye fedha ya wastani ni heri kikodi gari moja refu la kwenda juu kuliko magari madogo matatu. Kwenye Coaster msijaze viti vya katikati, maana wa katikati hawaoni kitu na ndio huanza kupiga kelele za kutaka kurudi.

Adui mkubwa wa magari mwezi huu si shimo. Ni mbegu za nyasi. Barabara nyingi za ndani huwa na ukanda wa nyasi katikati ya njia mbili za magurudumu, na nyasi hizo wakati huu zimekomaa na kukauka juu. Gari likipita, bampa huzipukutisha, na feni huvuta mbegu na manyoya yake hadi kwenye mapezi ya rejeta. Baada ya kilomita ishirini au thelathini rejeta imezibwa kama imefunikwa kitambaa, mshale wa joto unapanda, na dereva asiyejua anaongeza maji tu na kuendelea. Maji hayasaidii kama hewa haipiti. Dawa yake ni rahisi: funga kipande cha neti ya chandarua mbele ya rejeta kabla ya kuingia, ukipukute kila unaposimama mahali panaporuhusiwa kushuka. Mbegu zikishaingia, usizisukume ndani kutoka mbele. Acha injini ipoe, kisha zipulize au zimwagie maji kutoka upande wa injini zitoke zilikoingilia, na umalizie kwa brashi laini. Usifungue kifuniko cha rejeta yenye moto kwa sababu yoyote.

Nyasi hizo hizo hujikusanya juu ya bomba la ekzosi, na zikishakauka hapo huwaka. Ukisikia harufu ya kuungua majani na hakuna moto porini, simama mahali peupe, chungulia chini kutoka kwenye mlango, ita msaada ukiona moshi. Chupa ya kuzimia moto iwe karibu na dereva, isiwe chini ya mabegi. Na usiegeshe gari lililotoka kutembea juu ya nyasi ndefu zilizokauka. Egesha kwenye udongo mtupu au juu ya baka lililokwisha kuungua.

Tope nalo halijaisha, na hili ndilo huwanasa wenye magari makubwa. Udongo mweusi wa uwanda wa Mkata ukinyeshewa huvimba na kunata, ukikauka hupasuka. Juni unakuwa katikati: juu umekauka na kupata ufa, chini kiganja kimoja ni uji. Ganda la juu hubeba swala, hubeba hata mtu, lakini gurudumu la gari la tani mbili hulivunja. Ishara yake ni barabara yenye rangi mbili: kingo za kijivu zilizopasuka na katikati pakiwa peusi zaidi pakimetameta kidogo. Ukiona matairi ya waliotangulia yamekwepa mahali, usijifanye jasiri. Mwanambogo na njia nyingine za kaskazini mwishoni mwa Mei zinaweza kuwa hazipitiki kabisa, na ikifika Julai gari lililoinuka juu ya ardhi linapita vizuri. Mzunguko wa karibu na Kikoboga hadi Bwawa la Viboko ndio wa gari dogo, na hata huo uliza kwanza.

Lazima upite? Ingiza nguvu ya magurudumu yote manne na gia ndogo kabla ya kuingia topeni, maana ukishazama umechelewa. Nenda kwa mwendo mmoja, usikanyage breki, usibadili gia katikati. Gari likianza kuzama, acha kukanyaga mafuta mara moja: kila mzunguko wa gurudumu linaloteleza unachimba kaburi lake hadi tumbo la gari lilale. Hapo weka gia ya nyuma utoke kwa alama zako mwenyewe. Ikishindikana, kwanza piga simu langoni, maana namba yao uliichukua wakati wa kuingia. Hakuna kushuka kabla ya kuangalia pande zote, na mmoja abaki akilinda. Punguza upepo wa matairi kutoka 35 hadi 20 hivi kwa kipimo cha psi, chimba mbele ya kila gurudumu kwa chepe, tandika mbao mbili za futi nne ulizokuja nazo. Jeki bila ubao chini yake itazama yenyewe. Kukata matawi ya hifadhi hairuhusiwi, na ndiyo maana tunasema mbao zitoke nyumbani. Ukitoka, jaza upepo tena kabla ya barabara ya lami, la sivyo tairi laini likienda kasi hupata joto na kupasuka.

Tembo wa Mikumi wengi wamezoea magari, na watu huchukulia hilo kama ruhusa. Jike mwenye ndama akigeuka akakukabili, masikio wazi, kichwa juu, anakuonya. Simama, usipige honi, rudi nyuma taratibu. Dume lenye majimaji meusi yanayotiririka kati ya jicho na sikio, na mkojo unaodondoka hadi miguu ya nyuma imelowa, ukipata harufu yake kali kabla hata hujaliona vizuri, hilo haliko kwenye kuonya. Liache mita mia moja, na usiliwekee gari njiani hata kama barabara ni yako. Katika nyasi ndefu kundi linaweza kuwa pande zote mbili za barabara na wewe umeona upande mmoja tu. Hesabu ndama, kisha uwatafute mama zao kwa macho kabla ya kusogea.

Mbung'o wako kwenye miombo, hasa ukielekea vilimani. Huvutwa na kitu kinachotembea na rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi. Ndiyo maana vile vitambaa vya mitego unavyoviona vimetundikwa vina rangi hizo. Kwa hiyo fulana za bluu za kikundi ziacheni kwa siku nyingine. Vaa kaki au kijivu, mikono mirefu, na funga vioo mkiingia kwenye miti. Dawa za kupaka za mbu haziwasumbui sana. Atakayepata homa ndani ya wiki kadhaa baada ya safari amwambie daktari kwamba alikuwa hifadhini, ili apimwe malaria na pia afikiriwe malale. Asubuhi ni baridi, na juu ya gari lililofunguliwa upepo unauma: sweta kwa kila mtoto, na maji lita mbili au tatu kwa kila mtu kwa sababu saa saba jua litakuwa jingine. Mafuta jaza Morogoro au Mikumi mjini.

Neno kwa wapitaji tu wa barabara kuu, maana nao ni wengi kuliko wageni wanaolipa. Kusimama katikati ya hifadhi ili kupiga picha ya bure ni hatari, kwa sababu nyuma yako kuna lori la Tunduma lenye mzigo na breki zilizochoka. Maganda ya ndizi mnayowatupia nyani yanawafundisha kungoja lami, na kesho yake wanagongwa. Juni wanyama hupenda kingo za barabara kwa sababu ndizo zimefyekwa na kuchomwa, hivyo usiku mwezi huu ni mbaya kuliko inavyodhaniwa. Kibao cha faini kwa kila mnyama anayegongwa kipo, kisomeni.

Ombi letu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo: picha za hifadhi ziandikwe mwezi zilipopigwa. Kwa uongozi wa hifadhi tunaomba ubao wa chaki pale Kikoboga, usasishwe kila Jumatatu, wenye mistari minne tu: barabara zipi zimefungwa, zipi ni za magari yaliyoinuka juu ya ardhi peke yake, wapi pamechomwa na tarehe gani, na vidimbwi vipi bado vina maji. Askari wa doria wanayajua haya yote kabla ya saa mbili asubuhi. Siku hizi mgeni huyapata kwa kubahatisha dereva wa kumuuliza.

Madereva na waongoza watalii,
Morogoro